Abul-Qasim az-Zahrawi, Tabibu Aliyeandika Waliokufa Mikononi Mwake

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha tumekuwa tukisoma khabari za watu wakubwa wa Umma huu, na ndugu zetu wa Diani, Gazi na Msambweni wametutaka tuziandike ili ziwafikie wasioweza kuhudhuria. Wamekwisha tangulia maimamu na wanazuoni wa Hadithi. Mara hii namtaja mtu ambaye hakuwa mufti wala kadhi, bali alikuwa tabibu wa kupasua. Na sababu ya kumtaja yeye kabla ya wengine itadhihirika katikati ya maneno haya, wala si sababu ya kunifurahisha mimi.

Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas, na hunasibishwa na Ansari wa Madina. Huitwa az-Zahrawi kwa ajili ya Madinatuz-Zahra, mji alioanza kuujenga Khalifa Abdur-Rahman an-Nasir mwaka 325 H. (936), magharibi ya Kurtuba, chini ya mlima. Wazungu, ambao ndimi zao hazikuliweza jina la Abul-Qasim, walimwita Albucasis, na kwa jina hilo yumo katika vitabu vyao vya tarehe ya tiba. Kuzaliwa kwake hukadiriwa kuwa katika mwaka ule ule wa kuanzwa mji, au karibu yake.

Zama hizo Kurtuba ilikuwa mji mkubwa wa elimu kupita miji yote ya Ulaya. Khalifa al-Hakam, aliyetawala tangu 350 H. mpaka 366 H. (961–976), alikuwa mpenzi wa vitabu, akituma watu Misri, Sham na Baghdad kumnunulia nakala, hata wanatarehe wakataja kwamba maktaba yake ilifika mijaladi 400,000. Katika bahari hiyo ndimo alimoogelea Abul-Qasim. Wanazuoni wa Kurtuba hawakutuwekea khabari za nyumba yake wala za watoto wake. Walichotuwekea ni kazi yake.

Kazi hiyo ni kitabu kiitwacho Kitab at-Tasrif, chenye makala 30. Zilizo nyingi ni za dawa: za kunywa, za kupaka, za macho, za meno, na namna ya kuzichanganya na kuzihifadhi. Makala ya mwisho ndiyo ya upasuaji, nayo ina milango mitatu: wa kuchoma kwa chuma cha moto, wa kupasua, na wa kuunga mifupa iliyovunjika na kurudisha iliyoteguka. Alikimaliza kitabu karibu na mwaka 1000, baada ya kutibu watu kwa kiasi cha miaka 50. Humo alichora kwa mkono picha za ala zake, kiasi cha 200: visu, misumeno, koleo, ndoana, sindano, patasi, na keekee kama hizi wanazotobolea mbao mafundi wetu wa majahazi. Kabla yake hakuna aliyechora ala za upasuaji kwa wingi kama huo, ili mwanafunzi aliye mbali aweze kumpelekea mhunzi karatasi na kumwambia amfulie mfano wake.

Mwanzo wa makala hiyo alieleza kilichomfanya aandike. Alisema kwamba elimu ya kupasua imekaribia kupotea katika nchi yao, na hii ilikuwa katika siku za fahari yao, si katika siku za unyonge. Sababu aliyoitaja ni kwamba walioshika kisu hawakusoma tashrihi, yaani elimu ya viungo vya ndani: mifupa inavyopangika, mishipa ya damu inapopita, na mishipa ya fahamu inapotokea. Kisha akataja mambo aliyoyashuhudia. Tabibu mmoja jahili alimpasua mwanamke uvimbe wa shingoni, akaikata mishipa mikubwa, na mwanamke yule akamwagika damu mpaka akafa. Mwingine alitaka kumtoa mzee jiwe la kibofu, akalitoa pamoja na kipande cha kibofu chenyewe. Mzee hakukaa ila siku chache akafa. Mwingine alitoboa uvimbe wa saratani, na baada ya siku chache ukawa donda, hali ya mgonjwa ikazidi kuharibika. Akawausia wanafunzi wake, ambao aliwaita wanawe, kwamba upasuaji ni wa namna mbili, wenye salama na wenye khatari, na kwamba tamaa ya fedha isimpeleke mtu kwenye ule wa pili bila ya yakini.

Basi tuje kwenye uvimbe, kwani hilo ndilo khasa nililolikusudia. Kuhusu saratani aliandika kwamba ikiwa ingali changa na ndogo, tena iko mahali panapofikiwa na kisu, kama titi au paja, na iondolewe yote, isibaki mizizi. Ikiwa imekwisha kuwa kubwa na ya zamani, isikaribiwe. Kisha akakiri kwamba katika hizo kubwa yeye hakupata kumponya hata mtu mmoja, wala hakumwona mwengine aliyeponya. Nimesoma vitabu vingi vya tiba za kienyeji, vya Kiarabu na vya Kiswahili, ambavyo kila dawa ndani yake imekwisha jaribiwa na imesihi. Kukuta tabibu mkubwa wa Kurtuba anaandika kwamba hakuponya hata mmoja kulinisimamisha.

Akasimulia pia khabari ya mwanamke aliyeletwa kwake na uvimbe mweusi ndani ya koo, umekaribia kuziba njia ya pumzi, wala hawezi kula wala kunywa, na matawi yake mawili yametokea puani. Abul-Qasim hakungoja. Alitia ndoana, akavuta, akakata kilichotokea. Kisha akamfungua kinywa, akaukandamiza ulimi, akakata na kilicho ndani. Damu ilitoka kidogo tu, na saa ile ile yule mwanamke akanywa maji na akala. Lakini uvimbe ukawa unaota tena, naye akawa anakata tena, muda mrefu, mpaka alipouchoma kwa moto ndipo ukasita. Baada ya hapo alisafiri, na akaandika kwamba hajui Mwenyezi Mungu alimfanyia nini yule mwanamke baada yake. Angeweza kuimaliza hadithi pale alipokunywa maji, na sisi sote tungemsifu.

Katika mlango wa kichwa alieleza maradhi ya watoto wanaojaa maji kichwani. Alimwona mtoto ambaye kichwa chake kilikuwa kikikua kila siku hata akashindwa kukaa kwa uzito wake, na mwisho akafa. Alieleza namna ya kupasua, yakiwa maji yako baina ya ngozi na mfupa na yakiwa yako chini ya mfupa, na akaonya mshipa wa damu usiguswe. Alipokwisha kueleza, akasema kwamba watoto wote aliowaona na maradhi hayo walikufa, na kwa hivyo yeye aliona bora kuacha kuwapasua.

Ama fuvu lililovunjika, hilo alilitibu. Alitaja keekee yenye ukingo karibu na ncha, wa kuizuia isizame zaidi ya unene wa mfupa ikagusa utando wa ubongo. Alitoboa matundu kuzunguka mahali palipovunjika, akakata baina yake kwa patasi, akauinua mfupa. Na katika kuvunjika uti wa mgongo aliagiza tabibu atazame kwanza mikono na miguu ya mgonjwa. Akiona imelegea, haisikii kuchomwa, na mgonjwa anatokwa na haja bila ya kukusudia, na ajue kuwa uboho umedhurika na kwamba matarajio ni madogo. Mpaka leo madaktari wanatazama mambo hayo hayo kwa mgonjwa aliyepooza.

Hapa nawaomba radhi ndugu zetu wahubiri. Nimewasikia baadhi yao wakisema juu ya mimbari kwamba Waislamu wa Andalus walikuwa wakipasua ubongo na kutoa uvimbe. Si kweli. Abul-Qasim alifika kwenye fuvu na akauchunga utando usiguswe. Ndani yake hakuingia. Tena si yote aliyoyaandika yalitoka kwake: mengi aliyapata kwa tabibu wa Kiyunani aitwaye Bulus wa Aegina, aliyeishi karne tatu kabla yake, na elimu ya Jalinus ilikuwa mkononi mwake. Wahenga wetu hawakuona haya kujifunza kwa asiyekuwa Mwislamu, wala sisi hatuhitaji kuwazulia mambo wasiyoyafanya.

Uvimbe wa ndani ya ubongo ulitolewa London tarehe 25 Novemba 1884, na daktari Rickman Godlee, kwa kijana mwanamume aliyekuwa akipatwa na kifafa na kupooza mkono. Daktari hakuuona uvimbe kwa macho kabla ya kupasua. Aliufuata kwa dalili, kwa kuwa ilikwisha julikana ni sehemu ipi ya ubongo inayoendesha mkono. Uvimbe ulitoka, lakini kidonda kikaharibika, na baada ya wiki nne hivi kijana akafa. Mwaka 1887, katika mji huo huo, daktari Victor Horsley alitoa uvimbe uliosonga uboho wa mgongo wa mtu mmoja aliyekuwa amekwisha pooza miguu, na mtu yule akatembea. Kisha akatokea Marekani daktari Harvey Cushing, aliyefariki 1939. Huyu alifuata njia ile ile ya Abul-Qasim bila ya kujua labda: aliandika kila mgonjwa wake, uvimbe wake ulikuwa wa namna gani, aliishi miaka mingapi au alikufa siku gani. Mwaka 1932 alitoa kitabu cha hesabu ya uvimbe 2,000 wa kichwani aliouthibitisha. Kwa hesabu za namna hiyo ndipo upasuaji ambao mwanzo uliua watu wengi ukapunguza vifo vyake mwaka hata mwaka, kwani kosa lililoandikwa lilionekana.

Sasa niseme ile sababu.

Miaka michache nyuma, kijana mmoja wa mtaani petu, mvuvi, alianza kuumwa kichwa alfajiri, akitapika bila ya kula kitu, na kichwa kikipungua jua likipanda. Baadaye akawa hazioni kamba za chombo zilizo ubavuni mwake, akijikwaa nazo. Watu wake wakasema ni pepo wa baharini. Zikapigwa ngoma siku saba, ikachinjwa mbuzi, zikatumika fedha za msimu mzima. Mimi nilikuwa nikizipinga ngoma hizo katika kila khutba, na ndugu zake walipochoka na mganga wakamleta kwangu. Nilifurahi. Naona haya kuandika hivi, lakini nilifurahi, kwa kuwa nilihisabu kwamba Sunna imeishinda ngoma. Nikamkata hirizi shingoni, nikamsomea, nikampa maji ya kunywa, nikawaambia wasubiri. Wakasubiri miezi mitatu. Kila Ijumaa aliletwa, na kila Ijumaa alikuwa akiona kidogo kuliko Ijumaa iliyopita, nami nikisema uponyaji huja kwa daraja.

Aliyetuzindua ni dada yake, mwanamke anayeuza maandazi, ambaye hakusoma zaidi ya juzuu chache. Alikuja mlangoni kwangu akaniuliza kama kusoma kunakataza kwenda kwa daktari. Nikasema hakukatazi, na Mtume wetu mwenyewe aliamrisha watu wajitibu. Akaniuliza kwa nini, basi, sikuwaambia hivyo tangu siku ya kwanza. Sikuwa na jawabu.

Wakauza sehemu ya shamba la minazi, wakamvusha Likoni, akapigwa picha ya kichwa, ukaonekana uvimbe mkubwa kama ndimu. Ulikuwa wa ile namna inayokua polepole kutoka kwenye utando, usiosambaa. Ulitolewa wote. Yu hai, anakula, kichwa hakimuumi, na kifafa kilichomshika baada ya kupasuliwa kimetulizwa kwa vidonge. Ila macho hayakurudi. Daktari alitueleza, bila ya kumlaumu mtu, kwamba uvimbe unapojaza kichwa, msongo wake huiua mishipa ya macho polepole, na mshipa uliokwisha kufa hauhuishwi na kisu. Sasa huja msikitini akishikwa mkono na mtoto wa dada yake, hukaa safu ya pili, karibu na nguzo. Hajawahi kuniambia neno.

Nilipokuwa katika hali hiyo ndipo nilipokutana na khabari za Abul-Qasim, na ndiyo maana nimezileta. Yeye aliwaandika waliokufa mbele yake. Mimi niliweka kisomo mahali pa ngoma, na kwa mgonjwa yule hakukuwa na tofauti.

Kwa hivyo nataka wasomaji wajue yale ambayo madaktari wameyathibitisha, kwani hayo nayo ni elimu na kuyaficha si halali. Kichwa kinachoamsha mtu alfajiri pamoja na kutapika, nuru ya macho inayopungua, kifafa kinachomwanza mtu mzima ambaye hakuwa nacho utotoni, mkono au mguu wa upande mmoja unaolegea siku hata siku: haya si ya kungojewa. Na mgongo unaouma usiku mtu akiwa amelala, kisha miguu ikaanza kuwa mizito na haja ndogo ikazuilika au ikatoka yenyewe: hili ni la siku hiyo hiyo. Uboho unaposongwa, anayefika kwa mpasuaji angali akitembea, aghalabu huondoka akitembea. Anayeletwa amekwisha pooza, kurudi kwake kutembea ni kwa nadra.

Wala sisemi kwamba kisu huponya kila uvimbe, nikawa kama wale wahubiri. Uko unaotoka wote na mtu akaishi umri wake. Uko mwengine, ule mkali unaoota ndani ya ubongo wenyewe, ambao hata ukipasuliwa, ukachomwa kwa miale na kufuatiliwa na dawa, kwa wengi hurudi, na waliopata tiba yote hiyo aghalabu huishi kiasi cha mwaka mmoja na miezi. Jamaa wa mgonjwa wana haki ya kuambiwa hayo kabla ya kuuza shamba.

Na uko ambao kisu si dawa yake hata kidogo. Katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya tangu 1957, na mwaka 1958 akauandikia. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenziwe wawili kiasi cha maili 10,000, wakienda kusini, hospitali hata hospitali, wakiuliza nani ameuona. Wakatambua kwamba hupatikana katika nchi za joto na mvua, zenye malaria. Uvimbe huo mara nyengine huusonga uboho wa mgongo, mtoto akapooza miguu kwa siku chache. Burkitt alikuwa mtu wa kisu, na kisu hakikumfaa; alipojaribu dawa za kuua saratani, uvimbe ukayeyuka na watoto wengi wakapona. Naye hakuona ni aibu kukiweka kisu chini.

Ama wale watoto wenye maji kichwani, ambao Abul-Qasim aliona bora asiwaguse, leo wana njia. Hutiwa mpira mwembamba unaoyashusha maji kutoka kichwani mpaka tumboni. Na katika mji wa Mbale, Uganda, mwanzo wa karne hii, daktari Benjamin Warf aliendeleza njia isiyohitaji mpira: kutoboa kijitundu ndani ili maji yapate pa kupitia, na kuchoma kidogo ile nyama inayoyatoa. Unguja nako, katika hospitali ya Mnazi Mmoja, tangu 2014 iko nyumba ya kupasulia vichwa na migongo iliyojengwa kwa juhudi za madaktari wa Spain, kutoka mji wa Valencia. Waarabu waliuita mji huo Balansiya, na katika zama za Abul-Qasim ulikuwa chini ya Khalifa wa Kurtuba. Wajukuu wa nchi ile wamerudi kwetu na visu, na watoto wa Unguja na Pemba wanapasuliwa hapo. Kutoka Vanga kwa chombo si mbali.

Kitabu cha Abul-Qasim kilisafiri kuliko yeye. Ibn Hazm wa Kurtuba alikisifu alipotaja fahari za Andalus. Katika karne ya kumi na mbili ya miladi Gerard wa Cremona alikifasiri makala ya upasuaji kwa Kilatini katika mji wa Toledo, na mwaka 1497 ikapigwa chapa Venice. Kwa muda wa karne nyingi wapasuaji wa Ufaransa na Italia waliisoma. Mwaka 1465 tabibu wa Kituruki, Sharafuddin Sabuncuoglu wa Amasya, aliandika kwa Kituruki kitabu cha upasuaji kilichosimama juu yake, akatia picha za watu wakitibiwa.

Yeye alifariki baada ya mwaka 400 H., na hukadiriwa kuwa 404 H. (1013). Miaka mitatu kabla ya hapo fitina ilikwisha kuwashika Waislamu wa Andalus wao kwa wao, na Madinatuz-Zahra ikaporwa na kutiwa moto na majeshi yaliyokuwa yakisoma kibla kimoja. Mji ulikaa chini ya udongo mpaka 1911, walipoanza kuufukua. Mwenyezi Mungu amrehemu Abul-Qasim, na amrehemu yule mwanamke wa koo, ambaye tabibu wake hakuujua mwisho wake.